Kiti Kando ya Daktari

Katika sabla ya Liwali wa Ibra, ukubwa wa mtu ulipimwa kwa umbali wake na viatu. Sabla ni ukumbi wa baraza: mazulia chini, mito ukutani, Liwali mbele kabisa, na viatu vya watu wote mlangoni. Ukiwa mgeni au mnyonge unakaa kule mlangoni, na kila akiingia mkubwa unajisogeza kumpisha, mpaka unajikuta umekalia kandambili za watu. Baba yangu alianzia hapo. Mtu aliyekuwa karani wa kuheshimiwa Unguja, anaejua Kiingereza cha kuandikia barua za serikali, alikaa kwenye viatu miaka minne, na mie nikilikumbuka hilo hasira zinanipanda mpaka leo.

Sabla sijaiingia maisha yangu, kwani wanawake hawakuwa wakiingia. Lakini Baba alikuwa na tabia yake. Akirudi, humsimulia Mama kila kitu, nani kasema nini na nani kakohoa wakati gani, na mie niko pale nakuna nazi kavu tulizoletewa kutoka Matrah. Mama alimwuliza neno moja tu kila siku: leo umekaa wapi? Na Baba alimjibu bila ya kuona haya: leo viatuni, leo nguzo ya kwanza, leo karibu na dirisha. Ndivyo tulivyohesabu kupanda kwake.

Tuliingia Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini, mie nikiwa na miaka tisa. Tukaja Ibra kwa sababu babu yake Baba alizaliwa hapo, na nyumba ya udongo ya ukoo ilikuwa bado imesimama kwenye mitende. Jamaa walitupokea vizuri, siwezi kuwasingizia. Walitupa magodoro, walitupa tende, walitupa mbuzi. Ila walituita Zinjibari, na Mama alipofungua kinywa kusema Kiarabu chake, kile cha Msahafu na mashairi ya maulidi, wanawake kwenye mfereji wa falaj walijiziba midomo kwa shela wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Sie wenyewe tungecheka. Lakini Mama alijaribu mara ya pili, wakacheka, na mara ya tatu hakujaribu tena.

Lazima niwaeleze Mama alikuwa nani, la sivyo hamtoelewa. Mama alikuwa mwanamke wa mjini, hodari wa maneno. Unguja watu walikuja kibarazani kwake kumsikiliza tu. Angeweza kukusema mpaka ukalia, na huku unalia unacheka. Aliyajua mafumbo ya kanga zote zilizotoka mwaka ule na mwaka wa kabla yake. Mtu huyo, Ibra, alikaa kimya miaka na miaka. Nje ya mlango wetu alisema salaam alaykum na alhamdulillah, basi. Ndani ya nyumba alisema na sie, na jioni chache alisema na wanawake wenzake waliorudi kama yeye. Nilimwona akipungua mbele ya macho yangu, nikadhani ni joto.

Haikuwa joto. Mwishoni mwa miaka ile ya sabini akaanza kuumwa. Alikuwa akikaa kwenye jamvi katikati ya kazi, akishika kiuno, uso umemgeuka kijivu. Baba akampeleka hospitali, kwa daktari wa Kimisri, mtu mpole mwenye miwani. Daktari akauliza, Baba akafasiri, Mama akajibu kuwa hajambo, uchovu tu. Daktari akauliza tena, Mama akajibu vile vile. Wakarudi na dawa ya maumivu ya kichwa.

Njiani Baba akamgombeza. Aliyomjibu, Baba alikuja kunambia baadaye, ndiyo yaliyomtia kwenye siasa. Mama alimwambia: "Mambo ya wanawake hayapiti mdomoni mwa mwanamume, hata akiwa mume. Nitafutie mwanamke anaejua Kiswahili akae na yule daktari. Hapo ntasema."

Basi. Watu waliandika baadaye na kusema mengi juu ya Baba, kwamba alipenda ukubwa, kwamba alitaka kuwagawa watu wa mji kwa lugha. Uwongo mtupu. Baba yangu alitaka kiti. Kiti kimoja, kando ya daktari, akalie mwanamke wa kumsemea mkewe na wanawake wengine waliokuwa kama yeye. Hayo mengine yote yaliota juu ya kiti hicho.

Alianza kwa barua. Waliorudi kutoka Unguja, Mombasa, Kigoma, Bujumbura, wengi wao walijua kusema lakini hawakujua kuandikia afisi za huku. Baba aliwaandikia. Barua zake zilikuwa fupi, zenye adabu, na zilijibiwa. Miaka haikupita mingi akateuliwa mjumbe katika baraza dogo la kumshauri Liwali kuhusu mambo ya wilaya: maji, barabara, shule. Aliporudi na habari ile Mama alimpigia kigelegele kimoja, cha chini chini, majirani wasisikie. Siku hiyo Baba alikuwa amekaa nguzo ya pili.

Kwenye baraza aliomba mambo matatu. Matangazo ya chanjo yasomwe kwa Kiswahili pia; akakataliwa. Darasa la wanawake la kusoma na kuandika liwe na mtu wa kuwafafanulia waliotoka Afrika, akaambiwa subiri. La tatu ndilo kiti. Kulikuwa na mzee mmoja kwenye sabla, mwenye bakora iliyozungushwa fedha, ambaye kila Baba akifungua mdomo yeye huanza kuchezesha tasbihi kwa haraka. Mzee yule alikuwa na hoja na aliisema vizuri: hawa ni wetu, damu yetu, wamerudi kwao, basi wajifunze lugha ya kwao, kwa nini tuwawekee ukuta? Wengi walimwafiki. Hata waliorudi wenyewe wengine walimwafiki, maana walikuwa wameshaanza kuwakataza watoto wao Kiswahili, ati kitawakosesha kazi Maskati.

Baba alijibu kwamba mzee amesema kweli, na kwamba watoto wanajifunza na watajua. Kisha akasema kwamba mgonjwa hajifunzi lugha. Mwanamke wa miaka hamsini akishikwa na maumivu hulia kwa ulimi aliozaliwa nao, na daktari asiyemwelewa humpa dawa ya kichwa. Hakumtaja Mama. Kwa desturi ya kule mtu hamtaji mkewe sabla, na Baba asingemtaja hata pasingekuwa na desturi.

Alizunguka sana kutafuta wa kumuunga mkono. Alikwenda Sur, na mie nikaenda naye, maana shangazi yangu aliolewa huko. Wazee wa Sur walimchekesha. Walikuwa mabaharia wa zamani waliowahi kukaa Unguja miezi na miezi, na Kiswahili chao kilikuwa cha kununulia boriti na kutukania wapagazi. Walimkumbatia, wakamtukana kwa mapenzi yote, na kila mmoja akatia dole gumba kwenye barua yake ya kuomba kiti. Alikwenda na Nizwa pia, gari ikachemka karibu na Samail, akangojea kivulini nusu ya siku, akafika wakati wazee aliowafuata wameshaondoka. Nizwa hakupata hata dole moja. Alirudi amejaa vumbi, Mama akamwekea maji ya kuoga, hakumwuliza siku ile amekaa wapi.

Kiti alikipata kwa finjani ya kahawa. Kuna desturi ya kule ambayo sie hatukuwa nayo, alifundishwa na wale wazee wa Sur. Mtu mwenye ombi zito akimiminiwa kahawa hainywi. Anaiweka chini mbele yake, na mwenye nyumba akiiona analazimika kumwuliza: una haja gani? Kwa mtu wa Unguja hilo ni gumu kweli, maana kwetu kukataa kahawa ya mtu ni kumtukana. Baba aliiweka finjani kwenye zulia, mzee wa bakora akaacha tasbihi yake. Liwali akauliza. Baba akaeleza haja yake kwa maneno machache. Liwali akasema, kunywa kahawa yako, kiti utapata, kwa mwaka mmoja wa majaribio.

Sijapata kuiona nyumba yetu kama ilivyokuwa siku ile. Mama alivaa kanga mpya ndani ya nyumba, akapika biriani, akasema mafumbo yake mpaka Baba akafuta machozi kwa kucheka. Alikuwa ameshapungua kilo nyingi kwa wakati ule. Alikula vijiko viwili.

Sasa likabaki swali la nani akikalie. Nyumba ya nne kutoka kwetu alikaa mjane mmoja aliyerudi kutoka Bujumbura. Kule alikuwa mkunga wa mtaa. Huku aliuza udi na kanga kwenye soko la wanawake la Jumatano, ambako wanaume hawaingii, na kwa hiyo Baba hakujua kwamba mama yule alikuwa ameshaokota Kiarabu cha Ibra kuliko sie sote. Wanawake walimpenda. Mwanamke akiwa na shida ya kisirisiri alikwenda kununua udi kwake, hata kama nyumbani udi anao. Ila Kiswahili chake kilikuwa cha bara hasa. Alisema iko, iko, kila mahali: mama iko nyumbani? Chai iko tayari? Sie wa mjini tulimwiga tukacheka, mie wa kwanza.

Mama ndiye aliyemtaja. Alisema hivi hivi, huku anapepeta mchele: kwani yule wa Bujumbura hafai? Baba akacheka. Akasema: "Nimepigania Kiswahili, Bibi wee, si kile." Tukacheka sote watatu. Mama naye alicheka, nimekumbuka sana hilo, nimelipindua kila upande. Alicheka kidogo, akaendelea kupepeta.

Baba akanichagua mie. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza skuli, Kiarabu changu safi, Kiswahili changu cha Mama mwenyewe. Nani angefaa zaidi? Siku ya kwanza alinifunga mwenyewe vifungo vya koti jeupe, akaniusia: "Mkalimani ni njia tu. Anachosema mgonjwa ndicho unachosema. Usiongeze, usipunguze."

Koti lile lilinipanda kichwani, niseme ukweli. Nilikuwa msichana wa Kizinjibari aliyechekwa mferejini, na sasa mke wa tajiri na mke wa mchunga mbuzi wote waliniita ya bint, ya bint, nisaidie. Nilikaa kwenye kiti cha chuma chenye mgongo wa buluu, nikakipangusa kila asubuhi. Na nilifanya kazi, sitojidharau. Kuna bibi aliyekuwa akinywa dawa ya kupaka. Kuna mama aliyekuwa akiambiwa asile chumvi akaelewa asile chochote. Daktari alinisifu, sifa zikamfikia Liwali, na Baba akasogea mpaka mto wa tatu kutoka mbele. Hakuna Zinjibari aliyewahi kufika pale.

Mama hakuja. Baba alimwambia nenda, akasema kesho. Akamwambia tena, akasema wageni wanakuja. Miezi ikaenda. Na mie nyumbani nilikuwa nimeshaanza kuona vitambaa. Alivifua mwenyewe wakati sisi tumetoka, akavianika ndani chumbani, chini ya nguo nyingine, na kitambaa cha damu hata ukifue vipi kinabaki na kivuli chake. Alikuwa mwanamke aliyeshapita umri huo zamani. Nilijua kuwa si sawa. Sikujua ni nini, maana mie nilikuwa mwari, na kwetu mama hamwambii bintiye mambo ya mwili. Hamwambii kabisa. Msichana akikua hutafutiwa somo, mwanamke mwingine wa nje, ndiye anaemfunda. Baina ya mama na binti panakaa haya, na haya ile ni heshima, watu wameishi nayo vizuri miaka yote. Baba alilijua hilo kama anavyolijua kila mtu. Nami nililijua. Tulilisahau kwa furaha ya kiti.

Alikuja siku ya Jumatatu. Hakuja peke yake. Alikuja ameshikwa mkono na yule mjane wa Bujumbura, wanakuja taratibu kwenye ukumbi, Mama ameegemea. Nilitoka mlangoni kuwapokea. Nikamwamkia yule mjane shikamoo, akaitika marahaba, akanivuta kando akanambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, leo mimi niingie na mama yako. Wewe ungoje hapa nje kidogo."

Niliona wauguzi wawili wananitazama. Nikaona koti langu, na kiti changu kupitia mlango, na mwanamke huyu wa iko-iko anataka kukikalia mbele ya daktari. Nikamwambia, kwa adabu, wallahi kwa adabu kabisa, kwamba haruhusiwi kuingia mtu asiyekuwa ndugu. Hapakuwa na sheria hiyo. Niliitunga pale pale. Mama alinitazama, akamtazama mwenzake, midomo ikamcheza kidogo kama anaetaka kusema. Kisha akaachia mkono wa yule mjane akaingia na mie.

Daktari akamwuliza anaumwa nini. Nikamgeukia Mama nikafasiri. Alinyoosha mkono akaniweka sawa ukosi wa koti, uliokuwa umekunjika.

"Mwambie sijambo," akasema. "Uchovu tu."

Kalamu ya daktari ilikuwa hewani. Nikateremsha sauti, ingawa yule bwana hakujua hata neno la Kiswahili, nikasema, Mama, na vile vitambaa?

Uso wake ulibadilika. Sikuwahi kumwona Mama na uso ule, wala kabla wala baadaye. Haukuwa wa hasira. Alikuwa ameaibika, mbele yangu, mtoto wake.

"Vitambaa gani? Wewe ni mtoto. Mwambie sijambo."

Nikamgeukia daktari, nikamwambia kwa Kiarabu changu kizuri: anasema hajambo, amechoka tu. Sikuongeza, sikupunguza. Akamwandikia vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Mama akamshukuru kwa Kiarabu chake kidogo, akatoka, na yule mjane alikuwa bado amekaa kwenye benchi la ukumbini anamngojea. Akainuka, akampa mkono. Hakuniangalia hata mara moja.

Baada ya miezi mitatu alianguka jikoni. Safari hii hapakuwa na cha kuuliza, maana kila mtu aliiona damu. Walimchukua kwa gari mpaka hospitali kubwa ya Maskati, na madaktari wa huko walimwambia Baba kwamba uvimbe ulianza kwenye kizazi na umeshatambaa kila mahali. Wakasema laiti angefika mwaka mmoja kabla. Wakasema kwa nini hakusema? Aliishi siku kumi na moja. Siku za mwisho alisema Kiswahili kwa kila aliyeingia, wauguzi wa Kihindi, mfagizi, daktari wa Kizungu, aliwasemesha maneno yake yote aliyoyabana miaka kumi, mafumbo na mizaha na majina ya mitaa ya Unguja, na wao walitikisa vichwa wakimrekebishia shuka. Nilikaa pembeni.

Tulimrudisha Ibra kumzika. Yule mjane ndiye aliyekuja kumwosha, na alinitaka nimsaidie kumimina maji. Alifanya kazi polepole, akimsemesha Mama muda wote, geuka hivi dada yangu, samahani, tunamaliza sasa hivi. Alipofika tumboni mikono yake ikasimama. Alijua pale pale, kwa vidole tu, kile ambacho vyombo vya Maskati vilituonesha. Alifunga macho, akayafungua, akaendelea.

Tulipomaliza, akiwa anapangusa mikono, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mimi angeniambia."

Hakusema zaidi ya hapo, si siku ile wala siku nyingine. Hakumwambia mtu kuwa alifika mpaka mlangoni nikamrudisha. Angeweza kuniumbua mji mzima Jumatano moja tu, na soko lile lilivyo na masikio. Alilimeza.

Baba alikaa na watu matanga yote, akipokea pole. Walipokwisha kuondoka aliniita. Alikuwa ameshika lile koti langu jeupe, sijui alilitoa wapi, analikunja na kulikunjua.

"Nilidhani kwako atasema," akanambia. "Kwako kuliko kwa mtu yeyote."

"Baba," nikamwambia, "kwangu ndiko asikoweza."

Nikaona linamwingia. Alishika kichwa kwa mikono miwili akakaa hivyo, na mie nikasimama mbele yake. Ule ulikuwa ndio wakati wa kumweleza ya mlangoni. Maneno yalinijaa kinywani. Nikaenda kumletea maji.

Wiki ya pili alikwenda sabla. Mzee wa bakora mwenyewe ndiye aliyetusimulia, maana alikuja nyumbani baadaye, akakaa, akalia. Alisema Baba aliingia, akatoa viatu vyake, na badala ya kupanda mbele akakaa pale pale, kwenye viatu. Liwali alimwashiria asogee mara mbili. Hakusogea. Dele la kahawa likazunguka likamfikia, akapokea finjani, akaiweka chini. Liwali akamwuliza haja yake.

Baba akasema ana haja mbili. Ya kwanza, binti yake aondolewe kwenye kile kiti na apewe yule mjane wa Bujumbura, ambaye alistahili tangu siku ya kwanza na yeye alimdharau kwa sababu ya matamshi yake. Ya pili, apumzishwe ujumbe. Na hapo akafanya jambo ambalo halijapata kufanywa sabla ile. Alimtaja mkewe. Alisema: mke wangu aliniomba mwanamke wa kumsemea, nikamwekea mtoto wake, kwa kutaka sifa. Aliyemwua ni mimi.

Liwali alikubali haja zote mbili. Baba akanywa kahawa yake, imeshapoa, akavaa viatu akatoka.

Yule mjane alikaa kwenye kiti kile miaka mingi, mwaka wa majaribio ukasahauliwa. Kabla hajaanza, Baba alikwenda mwenyewe mlangoni kwake kumwomba radhi. Alisimama nje juani, na yeye akamjibu kutoka nyuma ya pazia, kwa Kiswahili chake kile kile, kwamba hamna shida, mzee, iko sawa tu. Mie nilipata kazi ya ualimu Nizwa, nikaolewa huko. Watoto wangu wanasema Kiarabu. Kiswahili wanakisikia, wakijibu wanajibu kwa vipande.

Kila nilipokuja Ibra kumtazama Baba sikumkuta nyumbani asubuhi. Alikuwa hospitali. Si kwamba anaumwa. Alikwenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, upande wa wanaume, mkabala na mlango wa daktari. Kila Jumatatu. Mlango ukifunguka, mgonjwa akiingia au akitoka, ilisikika sauti ya yule mama ndani: haya mama, iko wapi panauma? Sema tu, mimi si mtoto wako. Baba huinamisha kichwa akasikiliza, mpaka mlango ufungwe.

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwenye benchi lile ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na alikuwa ameshazeeka vibaya kuliko umri wake. Mlango ulifunguka, akatoka mwanamke mmoja amejifunika, machozi yanamtoka, lakini anatembea mwepesi. Baba akamfuata kwa macho mpaka nje. Kisha akanishika mkono.

"Nilikutwika mzigo usiokuwa wako," akasema. "Ukiwa mtoto. Nisamehe, mwanangu."

Mlango ulikuwa bado wazi. Ndani niliweza kukiona kile kiti, mgongo wake wa buluu umechubuka rangi, na begi la yule mama limetundikwa pembeni. Yule mama angeweza kunisikia kama ningeyasema yale ya mlangoni kwa sauti.

Nikamwambia Baba nimemsamehe.